Stendi ya Mzee Furuhata

Mtu akikubali bei yako ya kwanza, ujue kuna kitu hujakiona. Nimenunua na kuuza kamera kuukuu hapa Matsumoto miaka thelathini na minne, na hilo sikufundishwa na mtu, nililijua kwa kupata hasara. Basi siku ile ya Juni, sebuleni kwa Bi Sumie Furuhata, nilipotaja bei ya vifaa vyote na albamu zote za marehemu mumewe, bei ambayo huitaja ili nikataliwe tupate pa kuanzia, naye akasema, "Sawa, Oguchi, chukua," ilinipasa niweke kikombe cha chai chini nijiulize. Sikujiuliza. Nilifurahi.

"Ila nikuulize kitu," akasema, akiwa ameshika mlango wa kabati lenye lenzi. "Wewe ulikuwepo kule Tochizawa Jumapili ile. Polisi wanasema alianguka alfajiri, akagonga kichwa kwenye jiwe, akafa papo hapo. Ni kweli alikufa papo hapo?"

"Papo hapo," nikasema.

"Una hakika?"

"Bi Sumie, pale mtu akianguka haoni hata alipoangukia."

Akaitikia kwa kichwa, akanisaidia kufunga maboksi. Nikapakia kwenye gari langu dogo nikaondoka kabla hajabadili mawazo.

Kiyoji Furuhata alikuwa fundi wa vyombo vya mbao. Alitengeneza ndoo za kuogea na makasha ya chakula kwa mbao za mberoshi, kazi ya bonde la Kiso tangu enzi za babu zake, na alizaliwa katika nyumba iliyo karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita mama yake alikuwa anashika bakuli la supu kwa mikono miwili. Hakuwa tajiri wala maskini. Hakunywa sana. Kamera yake ya kwanza aliinunua kwa ujira wa mwaka wake wa kwanza wa uanagenzi, na kuanzia hapo mpaka anafikisha miaka sabini na moja alipiga picha treni za mlima ule mmoja. Hakuwahi kutaka kwenda kwingine. Alipiga treni za mizigo zinazopandisha mafuta bara, vichwa viwili vya bluu mbele na matangi kumi na saba nyuma, na treni za abiria za mwendo kasi zinazolala kwenye kona kama mwendesha baiskeli. Alikuwa na albamu mia moja na kumi. Nimezifungua zote. Ndani yake hamna mtu hata mmoja. Hata mkono wa dereva dirishani ulimkera.

"Mtu anaharibu picha," alikuwa akisema. "Treni haikuulizi imependeza au la."

Nilimfahamu kwa sababu duka langu liko pale walipo wateja. Wapiga picha wa treni hawaji mjini siku nzuri, siku nzuri wanakuwa mlimani. Kwa hiyo kila treni yenye mvuto inapotarajiwa, mimi napakia betri, kadi, lenzi za mkono wa pili na utepe wa gundi, napanda kona ya Tochizawa, pale reli inapopinda mlimani, na kufungua mlango wa nyuma wa gari. Furuhata alinunua kwangu kidogo mno, lakini alikuwa mwenyeji wa kona, na bila ridhaa ya mwenyeji huuzi kitu.

Kona ile ina taratibu zake, nazo hazijaandikwa popote. Anayetaka nafasi huja jana yake na kusimika stendi ya kamera, miguu mitatu, imeandikwa jina, halafu huyo anakwenda zake kulala. Hakuna atakayeigusa. Inaweza kunyeshewa, inaweza kukaa siku nzima bila mwenyewe, watu watapanga zao kuizunguka kama wanavyozunguka mti. La pili ni ukimya: wapo wanaorekodi video, na treni ikikaribia mmoja atasema "Narekodi," basi hata kukohoa ni kosa. La tatu ni kutoingia kwenye fremu ya mwenzako, ile sehemu inayoonwa na kamera yake. Ukiingia utatukanwa na kilima kizima. Aliyesimamia hayo yote kwa ukali kuliko polisi wa barabarani alikuwa Furuhata. Vijana walimwita Mjomba Fremu.

Stendi yake aliitengeneza mwenyewe kwa mberoshi na kuichoma jina kwa chuma cha moto. Nilijaribu miaka tisa kumuuzia nyingine.

"Mzee, tazama hii ya kaboni. Nyepesi kama karatasi."

"Karatasi hupeperuka."

"Hiyo yako ina uzito wa ng'ombe!"

"Ng'ombe wangu hasogei mpaka nimwambie. Wewe dada una bidhaa gani isiyosogea?"

"Basi niuzie mimi hiyo. Nitaiweka dirishani dukani."

"Hii haiuzwi. Hata nikifa hutaipata, utaiona tu."

Kilima kizima kikacheka, nami nikacheka. Ulikuwa utani wa kila mwaka.

Micheri ya Tochizawa huchanua katikati ya Aprili, na kwa picha inafaa siku tatu, ukiwa na bahati. Mwaka ule siku ya pili iliangukia Jumapili. Nilifika saa mbili asubuhi, watu wakiwa wameshafika arobaini hivi. Gari la Furuhata lilikuwa limeegeshwa chini barabarani, vioo vimejaa ukungu. Wakati wa maua alikuwa analala humo siku zote tatu, hata mkewe hakumtarajia nyumbani. Stendi yake ilikuwa katikati ya kilima, mahali pazuri kuliko pote, juu yake hamna kamera.

"Mjomba yuko wapi?" akauliza Tsukada, fundi umeme wa Nagoya ambaye hurekodi video na maikrofoni yake yenye manyoya kama paka.

"Kalala garini," nikasema. "Atatokea dakika ya mwisho atusukume wote."

Hakuna aliyekwenda kuchungulia gari. Stendi imesimama, maana yake mwenyewe yupo. Ndivyo tunavyosoma sisi. Mtu mwingine yeyote duniani angeona stendi bila mtu akauliza mtu yuko wapi. Sisi tuliona stendi tukaridhika.

Ilipobaki robo saa hivi treni ifike, mteja mmoja wa Osaka, niliyemuuzia lenzi ya bei nzuri asubuhi ile ile, akaanza kuisogelea.

"Shangazi, huyu haji. Nafasi inaoza hapa."

"Usiiguse."

"Naisogeza kidogo tu, hatua moja."

"Nimesema usiiguse! Hii ni ya Mzee Furuhata. Ukiigusa utalala na aibu mpaka uzeeni." Nikasimama mbele ya stendi na koti langu jekundu, nimetandaza mikono yote miwili kama ninafukuza kuku, mgongo wangu ukiwa upande wa korongo. Watu wakapiga makofi. Sikatai, nililifurahia lile. Mwenye duka anayelinda desturi huaminiwa, na anayeaminiwa huuza.

Chini ya kona ile kuna korongo, na ndani ya korongo kijito, nacho Aprili kinanguruma kwa sababu theluji ya juu inayeyuka. Saa nne kamili Tsukada akainua mkono.

"Narekodi. Kimya."

Tukanyamaza. Ndipo ikaja sauti kutoka korongoni. Ilikuwa "Ooo," ndefu, halafu ikakatika, halafu "Ooo" nyingine. Haikuwa na maneno. Nasema hivi kwa sababu nimejiuliza mara nyingi.

"Nyamaza huko chini!" Tsukada akafoka. "Unaniharibia!"

"Toka kwenye fremu!" wengine wakapokea. "Nani huyo? Toka!"

Nami nikaweka mikono mdomoni nikapiga kelele kuliko wote. Nilisema, "Kaa chini, mjinga wewe!"

Sauti ikanyamaza.

Treni ikatoka kwenye handaki saa nne na dakika mbili, vichwa viwili vya bluu, maua yakipeperuka pande zote, matangi yakipita moja baada ya jingine kwa ule mlio wa polepole unaosikika tumboni. Ilikuwa nzuri. Tangi la mwisho lilipopotea, watu wakakusanya vitu mbio. Treni ya mizigo husimama stesheni ya mbele kuipisha ya abiria, kwa hiyo mwenye gari huiwahi tena kwenye daraja la juu. Katika dakika nne kilima kilikuwa kitupu. Nilikuwa wa mwisho. Niliitazama stendi nikamwambia Tsukada, "Mzee kalala, amekosa maua yake." Akacheka, akawasha gari.

Jumanne mkaguzi wa reli aliona mkanda wa begi umenasa kwenye kichaka, akachungulia. Furuhata alikuwa kando ya kijito, nyonga imevunjika na kichwa kina jeraha, kamera kifuani. Alfajiri ya Jumapili alishuka kutafuta upande mwingine wa kupigia, akateleza kwenye majani. Polisi walikuja dukani kuniuliza kama tulisikia chochote.

"Kijito kilikuwa na kelele sana," nikasema. Ilikuwa kweli.

Nikarudi kwenye biashara. Halafu Juni ndipo mjane akanipigia simu, nikaenda, nikataja bei, akakubali.

Kamera ya kifuani ilikuwa kwenye boksi la mwisho, imefungwa kwa taulo. Lenzi imepasuka, kioo cha nyuma kina ufa. Nilidhani nitaiuza kwa vipuri. Nikabonyeza swichi kwa mazoea tu, ikawaka mara moja, betri imejaa. Hilo nalo nililiona na sikuliona.

Kadi ilikuwa ndani. Kawaida yangu, kadi za marehemu nazifuta bila kuzitazama, kwa sababu ndugu wakishauza wameuza. Safari hii nikatazama. Picha za Jumapili ile zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilipigwa saa nne kasoro dakika tisa. Ni kutoka chini kwenda juu, katikati ya matawi: kilima, watu wadogo wadogo, stendi ya mberoshi, na mbele yake mgongo wa koti jekundu lenye mikono iliyotandazwa.

Ya pili saa nne na dakika mbili. Vichwa viwili vya bluu ndani ya pengo la matawi, maua juu na chini, kichwa cha mbele kimefika mahali penyewe hasa. Mimi naishi kwa kupima picha za watu, na nasema hivi bila huruma wala sifa: sijaona picha bora zaidi ya kona ile. Mtu aliyevunjika nyonga alisubiri treni ifike mahali penyewe ndipo akabonyeza.

Ya tatu saa nne na dakika sita. Kilima kitupu. Stendi peke yake. Imenyooka, mistari yote sawa.

Hakukuwa na ya nne.

Nikaizima. Nikaiweka kwenye droo. Nikajiambia kazi ni rahisi: futa kadi, uza vipuri, mjane abaki na papo hapo yake, ambayo ni nzuri na haimgharimu mtu kitu. Kila asubuhi nilitoa kamera drooni, nikafika kwenye kitufe cha kufuta, mteja akaingia, nikairudisha. Mwisho nikaona kwamba namsubiri mteja aingie.

Na kitu kingine kikaanza. Katika duka la kamera mlio wa picha unasikika siku nzima, wateja wanajaribu kabla ya kununua. Nimeishi na mlio huo kuliko nilivyoishi na mume. Sasa kila ukilia nyuma yangu, nageuka. Nikahamisha meza ili nikae mgongo ukiwa ukutani. Hata hivyo saa nne na dakika chache asubuhi, duka likiwa tupu, niliusikia mara mbili, mkavu, kutoka upande ambao hakukuwa na rafu. Siamini mambo hayo. Nilihesabu kamera zenye betri, nikazitoa betri zote. Kesho yake nikausikia tena.

Mwezi wa Julai nikampigia simu Tsukada. Nikamwambia tukutane Tochizawa siku ya kazi, aje na maikrofoni yake.

Stendi ilikuwa bado imesimama. Polisi walidhani ni yetu, sisi tulijua ni yake, kwa hiyo hakuna aliyeigusa. Mvua zote za mwezi wa sita zilikuwa zimeipiga, mbao zimegeuka kijivu, nyasi zimepanda miguuni. Wapigapicha walikuwa wamekuja na kuondoka wiki baada ya wiki, wakipanga zao kuizunguka.

"Unataka nini hasa, shangazi?" Tsukada akauliza. "Unauza kona?"

"Kaa hapo. Washa maikrofoni. Mimi nashuka. Ukisikia kitu, uniambie umesikia nini."

"Kwa umri wako? Utavunjika!"

"Ndiyo maana nakuacha juu."

Nilishuka kwa kushika mizizi. Mahali alipolala ni jiwe bapa, na ukilala chali juu yake matawi yanaacha pengo moja, kama dirisha. Ndani ya dirisha lile unaona reli, kilima na stendi. Huoni kingine. Nikamwona Tsukada vizuri kabisa, hata kofia yake. Ningeweza kuhesabu vifungo. Nikaita.

Nilipopanda alikuwa amekaa chini.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Maneno sijayapata. Kama mtu anaita mbwa wake ng'ambo ya mto." Halafu nikaona uso wake unabadilika. "Shangazi. Siku ile..."

Nikampa kamera. Akazitazama zote tatu, akarudi ya kwanza, akazitazama tena.

"Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze," akasema.

"Wote tulimwambia."

"Ninayo kwenye video. Ile 'Ooo.' Niliikata kwa kompyuta, nikaona imeharibu." Akafuta jasho kwa kofia. "Labda alinyamaza kwa sababu ya picha. Tazama alivyoipiga! Huyu alitaka treni yake. Angeendelea kuita kama..."

"Labda."

"Futa, shangazi. Tafadhali. Mama yule anajua alikufa papo hapo. Utampa nini? Utampa dakika nne za kuwaza maisha yake yote."

Alikuwa na hoja. Mimi naijua hoja nzuri ikija mbele yangu. Treni ya saa nne na dakika mbili ikatoka handakini na hakuna aliyeinua kamera. Ilipopita tukakaa. Nyuma yangu, upande wa korongo, nikausikia ule mlio, mkavu, mara moja. Nikamtazama Tsukada. Alikuwa ameshageuka.

Nikaenda kwa Bi Sumie moja kwa moja kutoka mlimani, matope magotini. Alikuwa karakanani kwa mumewe, anapangusa ndoo ambazo hazijawekwa mishikio. Nikaweka kamera mezani, bado imefungwa kwenye taulo lake.

Akalitazama taulo.

"Siku thelathini na nne," akasema. "Nilidhani utakuja wiki ya kwanza. Halafu nikadhani huji."

Hapo ndipo nilipoiona bei ya kwanza na betri iliyojaa.

"Uliichaji wewe."

"Niliichaji mimi. Mjukuu akanionyesha pa kubonyeza."

"Na ukaniuliza kama alikufa papo hapo, ukijua."

"Nilitaka kusikia utasema nini. Ukasema mara mbili." Akaendelea kupangusa. "Miaka arobaini na miwili ya ndoa, Oguchi. Albamu mia na kumi. Mimi simo. Harusi ya binti yetu alipiga treni iliyomchukua. Maishani mwake alimpiga picha mtu mmoja tu, na ni wewe. Tena mgongo."

Nimejadiliana na watu wagumu. Huyu alikuwa mgumu kuliko wote, na bado lililo baya zaidi lilikuwa halijatoka. Picha zilikuwa zimemwambia kwamba alikuwa hai. Hazikumwambia kuhusu sauti. Ningeweza kuinuka pale nikaenda zangu, deni la picha limelipwa, na asingejua kamwe.

"Aliita," nikasema.

Kitambaa kikasimama.

"Aliita mara mbili, kabla treni haijafika. Tulisikia. Tulidhani ni mtu kaingia kwenye fremu. Tukamwambia anyamaze. Mimi nilimwambia, 'Kaa chini, mjinga wewe.' Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Polisi sikuwaambia."

Treni ya abiria ikapita nyuma ya nyumba, na nilimwona akishika ndoo kwa mikono miwili, bila kujua anashika.

"Akatii?" akauliza.

"Akatii."

"Mimi hakuwahi kunitii hata siku moja." Akatoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kwa mtu mwingine. Halafu akasema, bila kunitazama, "Jumapili hakurudi, sikupiga simu. Jumatatu hakurudi, sikupiga simu. Nilisema, maua hayo. Nikala chakula changu kwa amani. Kwa hiyo usijidhanie uko peke yako hapa."

Hakuniambia amenisamehe. Sikumwomba. Nikamwambia namrudishia albamu na vitu vyake vyote, akakubali kama mtu anayepokea barua za jirani. Ila kamera aliibakiza mezani, karibu naye.

"Ile stendi," akasema nilipokuwa mlangoni. "Niletee. Imesimama vya kutosha."

Kesho yake nikapanda. Katika miaka thelathini na minne sijawahi kugusa stendi ya mtu. Nilisimama mbele yake nikiwa na koti mkononi, nikatazama huku na huku kama mwizi. Miguu ilikuwa imezama, mizizi imeikumbatia. Nilivuta, haikusogea. Nikasema, nikijisikia mpumbavu, "Mzee, ni Bi Sumie anaitaka." Nikavuta tena, ikang'oka, nzito kama alivyosema. Yakabaki matundu matatu yenye maji.

Sasa iko karakanani, imesimama katikati, na anaitundikia vitambaa vya kupangusia.

Aprili iliyofuata niliwauzia watu hamsini na wawili betri na kadi. Nafasi ilikuwa finyu, wamebanana bega kwa bega, wawili walikaribia kupigana. Lakini katikati ya kilima waliacha pengo la upana wa stendi moja. Hata yule wa Osaka. Matundu yalikuwa yameshafukiwa na majani, wala hakukuwa na alama, na wengine walikuwa wageni kabisa. Hakuna aliyewaambia. Na saa nne kasoro dakika mbili, kabla hajasema narekodi, Tsukada alisogea ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akaita korongoni, "Kuna mtu huko chini?"

Hamsini na wawili wakanyamaza kusikiliza. Kijito kilinguruma. Akaita mara ya pili. Tukasubiri, na ile kusubiri ilikuwa ndefu, na niliona wenzangu kadhaa wanainamisha kichwa kama watu wanaotaka kuhakikisha kitu walichokisikia. Halafu ndipo akainua mkono kurekodi. Sasa inafanywa kila mwaka, na kila video ya kona ile inaanza na sauti hiyo ikiuliza.

Mimi huuza nyuma kabisa, mgongo wangu kwenye gari. Koti jekundu sina tena. Mwanamke mmoja wa Shiojiri aliliulizia, koti zuri, halijachakaa. Alitaja bei ya kwanza, nikampa.